Machozi ya Kuazima

Dokta wa somo la Jamii na Tofauti Zake alikuwa na kalamu moja ya kijani, na kalamu ile ndiyo iliyowafanya wanafunzi wa mwaka wa pili waongee hata walipokuwa hawana la kusema. Kila aliyechangia mjadala alitiwa tiki kwenye daftari. Mwisho wa muhula tiki hizo ziligeuka alama ishirini katika mia, na asiyekuwa na tiki hata moja alihesabiwa hakulisoma somo. Dokta mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba watu wakikaa kwenye duara wakaambiana wanatoka wapi, dunia itanyooka. Basi kila Jumatano saa nne asubuhi, viti arobaini vya chumba cha ghorofa ya pili vilivutwa kwa kelele na kupangwa duara, na watu wakaanza kutafuta tofauti zao kama wanaotafuta funguo zilizopotea.

Aliyeongoza kwa tiki alikuwa msichana waliyemwita Wakili. Jina alilipata mwaka wa kwanza, siku aliyomtetea mpishi wa kantini aliyesingiziwa kuiba sufuria, akamtetea mpaka aliyemsingizia akaomba radhi. Alikuwa na mdomo, na alijua kwamba anao. Akisimama kusema habari za jamii ndogondogo, haki zao na namna wanavyonyamazishwa, hata wavulana wa upande wa dirishani waliokuwa wakichezea simu waliinua vichwa. "Tusiwasemee," alipenda kusema. "Tuwape nafasi waseme wenyewe." Dokta anaitikia kwa kichwa, kalamu ya kijani inashuka, tiki.

Jambo ambalo darasa halikulijua ni kwamba Wakili naye alikuwa mtu wa chumvini.

Watu wa chumvini si wengi. Wanaishi kando ya mabwawa ya maji ya chumvi, wanaikwangua chumvi kwa reki za mbao na kuibeba kwa makarai, na visigino vyao vina magaga yasiyosikia mafuta ya aina yoyote. Chumvi yao inaliwa kila nyumba, lakini wakiingia ofisini hakosekani mtu wa kuwaambia wasogee pembeni. Wana lafudhi yao, ya kuvuta neno mwishoni, na ukiisikia unamjua mtu kabla hujamwona sura.

Wakili hakuwa na lafudhi hiyo tena. Baba yake alikuwa dereva wa lori la chumvi, mtu wa mbali, aliyekuja na lori na akaondoka na lori, akamwachia mtoto jina la ukoo lisilonuka tope. Alipotimiza miaka kumi na miwili alipelekwa kusoma mjini, akaishi kwa shangazi yake upande wa baba, na huko akajifunza kuongea kama mtangazaji wa redio. Kwenye fomu ya chuo, palipoulizwa nyumbani ni wapi, aliandika mtaa wa shangazi. Hakuona kama amedanganya. Si amekaa pale miaka minane? Mama alikuwa huko chumvini na reki yake, wanapigiana simu kila Jumapili, na hakuna aliyeuliza.

Mtu mmoja tu alijua. Huyo ni mwenzake wa chumbani, msichana aliyekulia mlango wa pili na nyumba ya mama yake Wakili, ambaye darasa lilimwita Kimya. Wanafunzi hawana huruma wanapotoa majina. Wawili hao walipokutana kwenye mlango wa chumba kile chenye vitanda viwili vya chuma na birika moja, Wakili alimvuta ndani, akafunga mlango na kumwomba, kwa sauti ya chini kabisa, asimwambie mtu. Kimya alimtazama, akasema, "Sawa, dada." Hakuuliza kwa nini, na Wakili alishukuru sana kutoulizwa.

Sasa, Kimya hakuzaliwa kimya. Jumatano ya kwanza ya muhula aliinua mkono. Alikuwa bado katikati ya sentensi wakati mvulana mmoja wa dirishani alipomwigiza, akalivuta neno lake la mwisho kama anayevuta kamba ya ndoo. Watu wakacheka. Si wote, na si kwa ubaya mkubwa, lakini walicheka. Dokta aligonga meza akasema hiki ndicho tulichokuja hapa kuacha. Kimya alishusha mkono, na kwa wiki saba hakuuinua tena. Na Wakili, mtetezi wa wanyonge, alifanya nini? Alitabasamu. Kidogo tu, kwa pembe ya mdomo, kwa sababu asiyetabasamu angeweza kuulizwa kwa nini. Mchana ule aliondoka kantini sahani yake ikiwa bado imejaa.

Zilipobaki Jumatano tatu, aliona afanye jambo. Kimya alikuwa anapiga pasi blauzi juu ya kitanda.

"Mdogo wangu, unajua huna hata tiki moja?"

"Najua."

"Na wafadhili wako walisemaje kwenye ile barua?"

"Nisifeli hata somo moja. Nikifeli narudi nyumbani."

"Sasa?"

Kimya aliisimamisha pasi. "Dada, nikifungua mdomo wanasikiliza lafudhi. Ninachokisema hawakisikii kabisa."

"Basi nitakuandikia mimi. Wewe unasoma tu. Nusu dakika, umemaliza, umepata tiki yako."

Ilikuwa nia njema, na haki yake tumpe. Alikaa maktaba mchana mzima akiitafuta hadithi ya kumpa. Alijua darasa linapenda nini, maana alikuwa amelilisha muhula mzima. Linapenda mtu aliyeumizwa, aumizwe vizuri, kisha anyamaze. Akaikumbuka siku moja ya utoto wake, siku mama yake alipokwenda ofisi ya vyeti kumtafutia cheti cha kuzaliwa ili aandikishwe kwa mtihani wa darasa la saba. Yeye mwenyewe alikuwepo siku hiyo, na kuna sehemu ya siku hiyo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Akaichukua habari ile, akaikata hapa, akaishona pale, akaenda kuipiga chapa kwenye duka la fotokopi kwa herufi kubwa ili mwenzake asikwame.

Karatasi ilisema hivi: "Mama mmoja wa kwetu chumvini alikwenda ofisi ya vyeti kumtafutia mtoto wake cheti cha kuzaliwa. Karani alimwambia kwamba ananuka tope, atoke nje. Mama yule alilia mbele za watu. Akarudi nyumbani mikono mitupu, na machozi yake hayajakauka hadi leo."

Sentensi ya mwisho aliipenda mno. Aliisoma mara tatu njiani.

Kimya aliisoma mara moja. Aliishika karatasi kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo, kisha akainua macho. "Unataka niseme hivi?"

"Hivyo hivyo. Utaona, hakuna atakayecheka."

"Huyu mama..."

"Mama mmoja tu. Usitaje jina."

"Sawa, dada," alisema Kimya, akaikunja karatasi mara nne.

Na kweli Jumatano ile hakuna aliyecheka. Kimya alisoma akiinamia daftari alimoificha karatasi, haraka haraka, na alipomaliza chumba kilitulia hata feni ya darini ikasikika. Dokta aliweka mkono kifuani. Kalamu ya kijani ilikuwa imeshaanza kushuka pale msichana mmoja wa upande wa mlangoni alipoinua mkono. Huyu tumwite Binti Karani, kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha.

"Samahani," alisema. "Mama yangu ni karani, amekaa kwenye dirisha la vyeti miaka kumi na tisa, kwa hiyo hii imenigusa. Sitetei mtu. Nauliza tu. Kama huyo mama alirudi bila cheti, mtoto aliufanyaje mtihani? Bila cheti hawaandikishi."

Lilikuwa swali halali kabisa. Katika kukata na kushona kwake Wakili hakuwa amefikiria mtihani.

Kimya alimtazama Binti Karani, akamtazama Dokta, na kwa sekunde moja akamtazama Wakili aliyekaa ng'ambo ya duara. Wakili aliinamisha kichwa, akaanza kuandika tarehe kwenye daftari lake. Tarehe ilikuwa imeshaandikwa. Aliiandika tena chini yake.

"Hebu mjibu mwenzako," alisema Dokta kwa upole.

Kimya hakujibu. Mvulana aliyekaa karibu naye akachungulia, akaiona karatasi. "Dokta, anasoma! Imepigwa chapa kabisa!"

"Kumbe wametia chumvi!" alidakia yule wa dirishani, na safari hii darasa zima liliangua kicheko. Dokta alinyoosha mkono, akapokea karatasi, akavaa miwani. Uso wake ulibadilika taratibu, kama wa mtu aliyekuwa karibu kulia halafu akagundua kuwa amechezewa.

"Haya si maneno yako," alisema. "Umeyatoa wapi?"

Kimya alifunga daftari lake.

"Nakupa wiki moja. Jumatano ijayo utaniambia haya maneno ni ya nani. Usiponiambia nakuandikia sifuri ya mjadala, na nitawaarifu wanaokulipia masomo. Mimi sivumilii wizi wa maneno, hata ukiwa wizi wa kusikitisha."

Kipindi kilipokwisha, Wakili alitoka na kundi. Alicheka nao mpaka kwenye ngazi. Tusimfiche, alicheka.

Chumbani alimkuta Kimya anakunja nguo zilizokauka. Wakili alisimama mlangoni, akasema yote ambayo mtu husema akiwa na hatia: kwamba angesema, kwamba alishtuka, kwamba kila kitu kilikwenda haraka. Kimya aliendelea kukunja.

"Dada, usijisumbue. Sitakutaja."

"Si hilo!"

"Ndilo hilo," alisema Kimya, bila hasira, na angekasirika ingekuwa nafuu.

Ijumaa Wakili alipiga moyo konde akaenda ofisini kwa Dokta. Njia nzima alikuwa akirudia moyoni: ni mimi niliyeandika, ni mimi niliyeandika. Aligonga, akaingia, akaamkia. "Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Kaa." Dokta alisukuma pembeni rundo la mitihani. "Kuna kongamano la vyuo mwezi ujao, kuhusu hayahaya ya tofauti zetu. Idara inataka mwanafunzi mmoja akaseme. Nimewaambia ninaye. Yule anayesema tusiwasemee watu."

"Asante, Dokta. Ila nilikuja kuhusu ile karatasi..."

"Hata mimi imeniumiza. Unajua kilichoniuma? Nilitaka sana mmoja wao aseme. Wamekaa pale muhula mzima kama mizigo. Halafu wakisema, wanasoma cha kuokota." Alivua miwani akaisugua. "Lakini wewe ulitaka kusema nini?"

Alichotaka kusema kilikuwa pale pale kwenye ulimi. Neno lile, "wao", lilimchoma, naye alilimeza pamoja na mengine yote.

"Nilitaka kumwombea radhi," alisema. "Ni mwenzangu wa chumbani."

"Una moyo mzuri sana," alisema Dokta.

Alitoka pale akiwa amepewa kongamano na sifa ya moyo mzuri. Kwenye korido alisimama mbele ya ubao wa matangazo, akasoma tangazo la mtu aliyepoteza kitambulisho, akalisoma tena, uso ukimwaka moto. Ningekuwa na namna ya kumtetea ningemtetea. Sina.

Jumatano ikafika. Viti vikavutwa. Dokta hakuanza na mada, alianza na Kimya.

"Binti, simama. Yale maneno ni ya nani?"

Kimya alisimama, mikono nyuma. "Siwezi kusema, Dokta."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Wakili aliisikia ile "sitaki", akashangaa. Haikuwa na woga hata chembe. Dokta alifunua daftari, na mkono ukairuka kalamu ya kijani, ukaichukua nyeusi. Hapo magoti ya Wakili yakafanya kazi kabla ya kichwa chake. Alijikuta amesimama.

"Ni mimi, Dokta. Mimi ndiye niliyeandika."

Chumba kiligeuka chote.

"Mimi pia ni wa chumvini. Mama yangu anakwangua chumvi mpaka leo. Huyo mama wa kwenye karatasi ndiye mama yangu."

Angekaa hapo, pangetosha, na heshima yake ingebaki. Lakini mdomo ulikuwa umeshapata moto. Akaanza kueleza jinsi alivyojificha, jinsi anavyoogopa kila akifungua kinywa, jinsi msichana wa jamii ndogo anavyoingia darasani akiwa amebeba watu wake wote mgongoni. Mengi yalikuwa kweli. Akaendelea, akafika ofisi ya vyeti, akamsimamisha tena mama yake mbele ya dirisha na kumliza tena, safari hii kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka mahali panapofaa. Msichana mmoja alitoa kitambaa. Binti Karani aliinama. Yule mvulana wa dirishani alikuwa anatazama viatu vyake.

"Huu," alisema Dokta, "huu ndio ujasiri niliokuwa nauomba." Akaweka chini kalamu nyeusi, akashika ya kijani, akachora tiki. Mtu akapiga makofi, wengine wakafuata. Na Wakili alisikia raha. Aibu iliyoje, lakini ndivyo ilivyokuwa: makofi yalimwingia mwilini yakamtuliza kama maji ya moto ya kuoga, na kwa dakika nzima alisahau kwamba kuna mtu mwingine amesimama.

"Dokta," alisema Kimya, "mimi sijakaa bado. Naomba kusema."

Makofi yakafifia.

"Sema."

"Yule mama hakulia."

Alilivuta neno la mwisho kama wanavyolivuta kwao, wala hakujaribu kulificha. Hakuna aliyemwigiza.

"Mimi nimekulia mlango wa pili na kwake," aliendelea. "Hii habari naijua tangu mdogo. Kwetu wanawake wanaisimulia wakipumzika kivulini, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Karani alimwambia, nyinyi wa chumvini njooni Alhamisi, leo ni zamu ya watu. Ndivyo alivyosema, zamu ya watu. Basi yule mama akavua viatu, na tope lake, akavipanga juu ya dirisha mbele ya karani. Halafu akakaa chini mlangoni. Na ofisi yenyewe ina mlango mmoja. Akasema, anayetaka kupita aniruke."

Mtu alicheka puani.

"Saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana. Watu wanaruka. Wazee wanaruka, wanashikwa mkono. Yeye anakula mkate wake pale chini, anawaambia karibuni. Mkuu wa ofisi akatoka kunywa chai, karuka. Anarudi, anaruka tena, suruali ikachanika huku nyuma, praaa! Saa nane cheti kimetoka, wino haujakauka."

Darasa lilivunjika mbavu. Binti Karani alicheka mpaka akafuta macho. Hata Dokta alijificha nyuma ya daftari. Hakikuwa kile kicheko cha Jumatano ya kwanza. Safari hii walicheka wakiwa upande wa mama. Wakili peke yake hakuweza kucheka. Alikuwa bado amesimama na hakujua akae au abaki.

Kimya alimgeukia Binti Karani. "Uliniuliza mtoto aliufanyaje mtihani. Swali zuri. Jibu ni kwamba cheti kilipatikana, ila kwenye karatasi hakikupatikana. Nikikujibu ukweli, namwita mwenzangu mwongo mbele yenu. Nikikujibu uongo, namliza mama ambaye nimekula kwake. Ndiyo maana nilinyamaza. Sikuogopa. Mniite Kimya, sawa, lakini siku ile sikuogopa."

Akaketi.

Dokta alikaa na kalamu ya kijani mkononi kwa muda. Alionekana kama mtu anayefikiria tiki zote alizowahi kuchora. Mwishowe akachora moja kwa Kimya, kisha akarudi juu, akaikata ya Wakili kwa mstari mmoja. "Wafadhili siwaandikii," alisema. "Na la kongamano tutazungumza." Alikuwa akimtazama Kimya aliposema hivyo. Kisha akamtazama Wakili. "Kaa, mwanangu." Wakili akakaa.

Baada ya kipindi alimsubiri Kimya kwenye ngazi. Watu walipita wakimgusa Kimya begani, "Suruali, bwana!", "Eti karibuni!", naye alitabasamu kwa haya. Walipobaki wawili, Kimya ndiye aliyeanza.

"Kwa nini ulimliza?"

Wakili alitafuta jibu zuri. Alikuwa nayo mengi. "Nilidhani wakimwonea huruma, ndiyo watamheshimu," alisema.

"Mama yule wa kuonewa huruma?" Kimya alitikisa kichwa, kweli kweli hakuelewa.

"Nikuulize," alisema Wakili. "Akiisimulia yeye mwenyewe, mimi ananiweka wapi?"

"Wewe? Hakutaji. Si alikwenda peke yake?"

Hakwenda peke yake. Alikuwa na mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliyevalishwa sare ya shule iliyofuliwa kwa ajili ya siku hiyo. Mama alipovua viatu, mtoto alitoka nje akasimama kwenye geti mpaka jua la utosi, akisikia kelele za ndani na vicheko vya watu waliokuwa kwenye foleni. Aliyelia siku ile ni yeye. Hakulia kwa sababu mama yake ameonewa. Alilia kwa sababu mama yake anatazamwa. Mlinzi wa getini akamuuliza, "Yule mwenye vurugu ni mama yako?" Naye akajifuta pua, akasema, "Hapana. Simjui." Alisema bila kusita, kwa sauti safi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mwake mdomo wake kumwokoa.

Alikaa kwenye ngazi, akatoa simu. Haikuwa Jumapili. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, wakati wanawake wa chumvini wanaweka chini reki kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi." Akavuta pumzi. "Mama, ile siku ya ofisi ya vyeti. Mlinzi wa getini aliniuliza kama wewe ni mama yangu. Nilimwambia sikujui."

Upande wa pili kulisikika makarai yakigongana, na mwanamke akicheka mbali.

"Najua," alisema mama.

"Unajua?"

"Alikuja kuniambia. Aliinama pale mlangoni, akaniambia, mama, kuna mtoto nje analia, nimemuuliza, anasema hakujui. Nikamwambia, basi ni mtoto wa watu huyo, usimwache juani, mpe maji."

Wakili aliyakumbuka maji. Alikuwa ameyanywa yote. Miaka tisa yote hakuwahi kujiuliza mlinzi aliutoa wapi wema ule.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa mtoto. Na mimi pale chini nilikuwa na kazi, nilikuwa nakutafutia cheti." Mama alikohoa. "Ila tangu siku hiyo nikikusindikiza mahali, huwa nabaki nyuma kidogo. Nilidhani umeona."

Hakuwa ameona. Akaanza kuzihesabu safari zote, stendi, shule ya mjini, siku ya kwanza ya chuo mbele ya geti kuu, na katika kila moja mama yake alikuwa hatua tano nyuma, na yeye alikuwa akidhani ni miguu inayomuuma mama.